Mafuta ya Sangara Ndani ya Bolti

Kitendawili! Nina nyumba ya mlango mmoja. Ukiufunga ndipo mgeni anatoka.

Najua hamtapata, kwa hiyo najijibu mwenyewe: ni bunduki. Ukiuacha mlango wake wa nyuma wazi, risasi inakaa tu kama mgeni aliyezoea uji wa wenyewe. Ukiufunga, hapo ndipo inatoka, tena kwa kelele. Mlango huo wanauita bolti: kipande cha chuma cheupe chenye mkono, kimefanana na komeo la stoo. Mambo haya nimeyajua uzeeni, mimi niliyeishia darasa la saba na kushona sare za shule maisha yangu yote. Na nimeyajua kwa sababu nilikaribia kumpoteza binti yangu kwa matone matano ya mafuta.

Nianze na viboko. Vijiji vyetu vya kando ya ziwa, huku upande wa Sengerema, viboko ni majirani wasio na haya. Wanapanda kutoka majini, wanakula mpunga, wanalala juu ya viazi, halafu wanarudi ziwani kuoga kama watu waliotoka kazini. Mwaka huu serikali ya kijiji ikaamua kuajiri mlinzi mmoja wa mashamba, mtu mwenye bunduki yake na kibali chake, wa kuwatisha kwa mlio. Wakajitokeza wawili, ikabidi wapimwe kwa shabaha na kwa kutunza silaha. Mmoja ni Chenge, mwenye mashine ya kukoboa, mtu wa haraka katika kila kitu. Huyo akikusalimia ameshafika kona ya pili kabla hujaitikia. Wa pili ni Mayala, mkwe wangu, mume wa Sabina. Bunduki yake aliirithi kwa baba yake, akaiandikisha polisi, na anaifungia kwenye sanduku la chuma.

Sasa, rafiki yake Mayala aitwaye Shimba yuko Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, na alishampigia simu: nafasi ya ulinzi ipo, njoo na familia. Mayala akamwambia Sabina, na Sabina akaniambia mimi: "Mama, akipata kazi ya viboko tunabaki. Asipopata, Jumamosi tunapanda basi Nyegezi."

Chunya! Mimi Chunya sijui hata iko upande gani wa jua. Sabina ndiye mtoto niliyebaki naye, na Precious mjukuu wangu ndio kwanza ameanza kunitegea vitendawili vyake vya uongo visivyo na jibu. Nikaomba Mungu kwa ajili ya shabaha ya Mayala kuliko nilivyowahi kuomba mvua.

Lakini mjue na hili, maana bila hili hamtaelewa aibu yangu. Kwetu Usukumani mkwe na mama mkwe wanaogopana kwa heshima. Hatutazamani usoni, hatuitani majina, hatupeani mikono, na tukikutana njiani mmoja wetu anaingia kwenye majani. Mayala na mimi tumekaa jirani miaka saba, katikati uzio wa minyaa, na sidhani kama anajua nina meno mangapi. Akitaka jambo anamwambia Sabina, nami namjibu kupitia kwa Sabina, hata tukiwa tumesimama watatu mahali pamoja.

"Mwambie mama mvua inakuja."

"Mwambie mwenzako nimeiona."

Sabina anasema sisi tumemfanya mnara wa simu.

Basi kila alasiri Mayala alikuwa akifanya mazoezi upande wake wa uzio, bunduki haina risasi, nami upande wangu nashona. Masikio hayana mkwe. Niliyasikia yote.

"Angalia, Mama Precious," alikuwa anamwambia Sabina. "Inua, vuta, sukuma, shusha. Mambo manne tu. Ukisukuma bolti mbele, pini ya ndani inabaki nyuma, imeshikwa na kikulabu. Ukivuta kifyatulio, kikulabu kinaiachia, inakwenda mbele kama ngumi na kuigonga risasi."

"Sasa mbona unakaa sana kabla ya kuvuta?"

"Kwa sababu kidole kikiwahi, mkono wa bolti haujashuka mpaka chini, ile ngumi inaishia kwenye kufunga mlango. Risasi inaguswa tu, haigongwi."

"Kwa hiyo kidole ndiye mtu wa mwisho kuingia ndani."

"Wa mwisho, na asiingie mbio."

Inua, vuta, sukuma, shusha. Kimya kidogo. Ta! Nilianza kukanyaga cherehani kwa mwendo huohuo, na sare za wiki ile zilitoka na mshono mzuri ajabu.

Kosa lilitokea Jumanne. Mayala alikuwa ameichomoa bolti, ameiosha kwa mafuta ya taa, akaianika kwenye gunia juani. Bunduki yenyewe ilikuwa sandukuni, imefungwa. Mara akaitwa: mbuzi wameingia kwenye mihogo ya jirani. Akatoka mbio. Mimi nikapita pale kuokota yai, maana kuku wangu wana tabia ya kwenda kutagia kwa mkwe, wao hawajui heshima. Nikaiona ile bolti. Imekauka, masikini! Imekauka kama kisigino cha kiangazi.

Miaka thelathini na zaidi cherehani yangu inakula mafuta ya sangara. Nayayeyusha mwenyewe kutoka kwenye minofu ya tumbo, nayachuja kwa kitambaa, nayatia kwenye chupa. Bawaba za mlango, baiskeli ya marehemu mume wangu, magoti yangu mwenyewe, vyote vimekula chupa hiyo. Nikajisemea, hiki chuma kina njaa, na mwenyewe hawezi kuniomba kwa sababu ya ukwe. Nikaleta chupa. Kwenye bolti kuna kitundu kidogo ubavuni. Mimi ninavyojua, tundu kwenye chuma ni mdomo. Nikadondosha matone matano, nikaigeuzageuza yaingie, nikaifuta nje vizuri, nikaiacha palepale. Nikaenda na yai langu, nafsi imetulia kama mtu aliyetoa sadaka.

Jumatano alasiri nikamsikia anasema, "Leo inateleza hii! Laini kama siagi." Nikatabasamu peke yangu mpaka uzi ukakatika. Harufu hakuishtukia, na nani angeishtukia? Kijijini kwetu hata noti zinanuka sangara.

Mtihani ulikuwa Alhamisi saa moja asubuhi, kwenye shimo la zamani la kifusi nyuma ya kilima. Mwezi wa saba huo. Upepo wa ziwani asubuhi ya mwezi wa saba unaingia mpaka kwenye mifupa usiyojua unayo. Mayala alishaondoka na bunduki yake. Mimi nikaketi kwenye cherehani, nikashika chupa nitie tone moja, nikaipindua. Hakikutoka kitu. Nikaitikisa. Wapi! Mafuta yameganda meupe, kama uji uliosahauliwa.

Nikacheka. "Ninyi nanyi mnasikia baridi?" Nikazungusha gurudumu la cherehani, nalo likaenda kwa uzito, sindano ikashuka taratibu kama bibi harusi. Kila mwaka mwezi wa saba iko hivyo, mpaka jua lipande. Nikaitazama ile sindano inavyoshuka kwa madaha. Chuma chembamba, ndani ya chuma kingine, kimeshikwa na mafuta.

Pini.

Nilijitanda kanga nikatoka mbio. Nasema mbio, wenye macho watasema nilitembea. Kandambili moja ikanikatikia kwenye mteremko, nikaibeba mkononi. Sabina alikuwa amekwenda mashine na mtoto, kwa hiyo mnara wa simu haukuwepo.

Nilipofika, watu wamekaa kwenye ukingo wa shimo, na kamba imefungwa kuwazuia. Anayelinda kamba ni Ndalahwa, kamanda wa mgambo wetu, tumbo na mkanda vinagombana. Ndani ya kamba yuko ofisa wanyamapori aliyeletwa kusimamia, binti mwembamba wa Kijaluo kutoka Rorya, jina lake Faith Akelo, ana ubao wa kuandikia na sauti isiyobembeleza. Mbele kabisa, chini ya ukuta wa udongo, wamesimamisha boksi limechorwa kiboko. Aliyechora hajawahi kumwona kiboko, lilikuwa nguruwe mwenye huzuni.

Chenge ndiye alikuwa anapiga. Risasi tano. Ya kwanza, paa! Ya pili, paa! Mkono unakwenda kama anapura mahindi. Ya tatu, tik. Kimya. Na kabla hatujashangaa, ameshaifungua bolti na kuitoa risasi.

"Simama!" Ofisa Akelo akapaza sauti. "Nani amekuambia ufungue?"

"Imegoma, Ofisa. Nimeitoa."

"Haikugoma. Umevuta kifyatulio bolti haijashuka mpaka chini. Kidole chako kimeutangulia mkono. Halafu, risasi isipolia, unangoja mtutu umeelekea mbele, unahesabu sekunde sitini. Kuna risasi inachelewa kulia. Ingekulilia mkononi ungeniletea kesi, mimi sipendi kesi."

"Sitini nyingi, Ofisa! Kiboko atakuwa amefika Geita!"

Watu wakacheka. Ofisa hakucheka, akaandika. Chenge akamaliza: tatu zimeingia kwenye nguruwe yule.

Akaitwa Mayala. Nikamshika Ndalahwa mkono.

"Kamanda, nina neno."

"Neno baadaye, mama. Hapa ni kimya."

Ningesema tu: nimeitia bunduki ya mkwe wangu mafuta ya samaki. Maneno machache. Lakini mtu mzima mimi, mbele ya kijiji, nitamke kwamba nimeshika vyombo vya mkwe? Ulimi ukakataa kabisa, ukaenda kwenye njia yake ya siku zote.

"Kitendawili," nikamnong'oneza.

Ndalahwa akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Kijiji kizima kinaujua udhaifu wake. "Tega."

"Nilimnywesha askari mafuta ili akimbie, akasinzia."

"Mafuta ya nyonyo?"

"Aliyekunywa mafuta ya nyonyo atasinzia saa ngapi, Kamanda?"

Akabana kicheko mpaka mkanda ukalia. "Basi kandili."

"Siyo."

"Pikipiki ya mwenyekiti."

"Umekaribia kwa chuma, umekosea mwenyewe."

"Haya, chukua mji. Nakupa Sengerema."

Hapo, wajukuu zangu, ndipo ningetoa jibu. Mayala alishapiga goti, anaingiza risasi moja moja. Lakini aliyezoea kupewa miji hawezi kuupita mji bila kuutembea. "Sengerema ndiyo kwetu, nitafanya nini? Ongeza."

"Nakupa Mwanza yote, na Butimba juu yake."

"Ahaa. Nimefika Mwanza, nimekula sato wa kuchoma, nimepanda Butimba nimewasalimu walimu wa chuo, nimeteremka..."

"Mpigaji, tayari!" Ofisa akaita.

Inua, vuta, sukuma, shusha. Niliisikia ile shusha ikifika mpaka chini, taratibu, kama alivyofundisha. Nikaitupa Mwanza yangu palepale.

"Kamanda, jibu ni bunduki ya Mayala!"

Tk.

Wala haikuwa tik kama ya Chenge. Ilikuwa sauti ya kijiko kilichoanguka kwenye ugali. Na mimi nikaona kichwani pini yangu inashuka kwa madaha, bibi harusi yule, na mkwe wangu uso wake uko pale juu ya chuma.

"Mayala!" nikapiga kelele. "Mayala, tulia hivyohivyo! Usifungue! Bado iko njiani!"

Watu wote wakageuka. Mama mkwe amemwita mkwe kwa jina, mara mbili, hadharani, na kandambili mkononi. Ndalahwa alifunika mdomo kwa mikono miwili. Lakini Mayala hakugeuza kichwa, wala mtutu haukucheza hata unywele.

"Naam, mama," akaitikia, macho mbele. "Nimetulia."

Ofisa akahesabu kwa saa yake. Sekunde sitini ndefu jamani! Nimezaa kwa muda mfupi kuliko huo. Zilipoisha akatoa ruhusa, Mayala akafungua, risasi ikaanguka nzima kwenye vumbi. Ofisa akaiokota, akaitazama makalioni. Kulikuwa na alama ndogo, kama shavu lililobonyezwa na kidole cha mtoto.

"Haiko njiani tena, mama," akasema akinitazama. "Imeshafika. Ila imefika imechoka. Pini ni nzito." Akamgeukia Mayala. "Toa bolti nione."

Mayala akaichomoa, na kabla ya kumpa akainusa. Nikaona mabega yake yanashuka. Alijua. Chupa ile ni moja tu kijijini, na mwenyewe ni mmoja.

"Imeganda mafuta ndani," Ofisa akasema. "Nani ametia mafuta haya?"

Mayala akatazama chini. Mkwe hamwaibishi mama mkwe, hata kama ni kwa ajili ya kupata kazi. Akasema taratibu, "Ni kosa langu, Ofisa. Silaha ni yangu."

"Basi unajua kanuni. Asiyetunza silaha hawezi kukabidhiwa mashamba ya watu. Nakuondoa."

Nikaiona ile kalamu inashuka kwenye ubao. Nikaiona na Nyegezi, na basi, na Precious dirishani ananipungia. Nikainama, nikapita chini ya kamba. Ndalahwa akasema "Mama, hairuhu..." sikungoja amalize.

"Ofisa, binti yangu, futa. Ni mimi. Juzi Jumanne nilikuta bolti imeanikwa, nikaitia mafuta ya sangara kwa mkono wangu huu. Matone matano, kwenye kile kitundu. Yeye hakuwepo, alikuwa anafukuza mbuzi. Hajui kitu."

"Mafuta ya sangara?"

"Ya tumbo."

Akaisogeza bolti puani. Uso wake uliokuwa mkavu tangu asubuhi ukaanza kuharibika, kwanza pembeni mwa mdomo, halafu kote. "Mimi nimekulia ziwani, Rorya," akasema. "Nilisikia harufu nikadhani ni mimi." Akacheka, na kijiji kizima kilichokuwa kimebana pumzi kikaachia.

"Sasa kwa nini hukumwambia mwenyewe mapema?" akaniuliza.

"Ni mkwe wangu."

"Oh." Hata Rorya wanayaelewa hayo. Kisha akamgeukia Mayala, kicheko kimekwisha. "Mama amesema kweli, lakini na wewe una lako. Uliacha bolti uani, mtu akaishika. Leo ni bibi na chupa, kesho ni mtoto na mawe. Nakukata alama kumi kwa hilo. Kwa kutulia sekunde sitini wakati unaitwa jina na mkweo, sikukati kitu, hiyo sijawahi kuona. Una robo saa. Isafishe hapa mbele yangu."

Ndalahwa akafyonza petroli kidogo kwenye pikipiki ya mwenyekiti, Mayala akaifungua bolti vipandevipande juu ya kanga yangu. Ndiyo, kanga yangu. Niliivua begani nikaitandika, na hapo ndipo tulipotazamana. Ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Miaka saba sikuliona.

"Mama," akasema, sauti ya chini, "hiki kitundu si cha kunywea."

"Cha nini?"

"Cha kupumulia. Risasi ikipasuka vibaya, moshi unatokea hapo."

"Basi nimeiziba pua."

"Umeiziba, mama." Akauma mdomo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na hayakuwa ya kulia.

Mafuta yalitoka meupe, mazito. Akaikausha pini mpaka ikang'aa, hakutia hata tone. Akarudi kwenye mstari, akapiga goti.

Sikurudi nyuma ya kamba, wala hakuna aliyenifukuza. Inua, vuta, sukuma, shusha. Kimya kidogo. Paa! Kuku wa kilimani wakaruka. Inua, vuta, sukuma, shusha. Hakuharakisha hata mara moja. Chenge pembeni akawa anagonga mguu chini kama mwenye haja. "Huyu anapiga au anasali?" akauliza. "Vyote viwili," Ndalahwa akamjibu. Risasi tano, nne ndani ya kiboko, ya tano ikapita sikioni kwake.

Ofisa akajumlisha mara mbili. Chenge sitini na moja. Mayala, zile kumi zimeshakatwa, sitini na tatu.

"Lakini kuna sharti," akasema. "Silaha hii isilale nyumbani. Italala ofisi ya kata, chini ya kufuli, na ufunguo kwa kamanda." Akanitazama mimi, si Mayala. "Tumeelewana, mama?"

"Tumeelewana, Ofisa."

"Na chupa ibaki kwenye cherehani."

Nilirudi nyumbani kwa njia ya chini na Mayala akapita ya juu, kama ilivyo desturi, tukatenganishwa na mtama wa watu. Nikaketi kwenye cherehani nijifanye nashona. Sabina akaingia uani na unga kichwani, habari zimeshamfikia njiani, zimeongezwa chumvi.

"Mama! Eti umemwita mume wangu kwa jina?"

"Nimemwita."

"Mbele ya watu?"

"Mara mbili."

"Na yeye?"

"Ameitika."

Akatua unga chini, akakaa juu yake, akacheka mpaka akajishika mbavu, na katikati ya kicheko akafuta macho kwa pindo la kitenge. Halafu akatoa simu, akasimama akaelekea kwenye uzio. Nikalishika gurudumu la cherehani lisizunguke, nisikie vizuri.

"Shemeji Shimba? Shikamoo. Mimi Mama Precious. Eeh, wazima. Ile nafasi ya huko, mpe mtu mwingine." Akasikiliza kidogo. "Hapana, hatuji tena. Tupo."